Bawa Dogo, Bamba Zito

Kambini, 4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Leo ni mwaka wa pili na miezi mitatu tangu uliponifungia ule mfuko kwa uzi wa magunia ukaniambia nisiufungue njiani. Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, na kwa wapwa zangu, yule mkubwa na wale wawili wanaopigana. Mimi ni mzima, ila mgongo. Mgongo si mzima. Simu hapa bondeni haishiki, kwa hiyo barua hii ataibeba dereva wa lori la saruji, na jibu nalo mpe yeye.

Sikuwahi kukwambia sawasawa, sasa nakwambia. Mifuko ya saruji imenimaliza. Asubuhi nikiamka nakaa kwanza kitandani kama mzee anayesubiri kuitwa, halafu ndipo miguu inakubali. Msimamizi aliniona nikishuka ngazi kwa ubavu. Akaniita pembeni, akasema ameona wengi wakishuka hivyo, na mwisho wao hupandishwa lori warudi kwao. Nikadhani ndiyo safari yangu. Kumbe alikuwa na neno lingine. Wapiga mbizi wanaokagua ukuta wa bwawa wamepungukiwa mtu, na kama naweza kupumua polepole bila kuogopa, niende kwa Kiboko.

Kiboko ndiye mkuu wa wapiga mbizi. Jina hilo hakupewa kwa ubaya. Nchi kavu anatembea kama gunia lililopewa miguu, na anahema akifunga viatu. Majini hutamsikia. Alinizamisha kichwa kwenye pipa la maji, mdomoni nina mpira wa kuvutia hewa, yeye akaendelea kula karanga. Aliponitoa alisema napumua kama paka aliyeshiba. Nikapata kazi.

Dada, nilishuka ngazi ya gati na mtungi wa hewa mgongoni ambao nchi kavu uliniinamisha kama mfuko wa saruji. Maji yaliponifika kifuani, uzito wake ukaondoka. Mtungi ulibaki, uzito ukaenda zake. Nilipapasa nyuma nihakikishe kama kweli bado upo. Tangu nianze kazi za watu sijawahi kubeba kitu kisichonibebesha.

Halafu ukuta. Tuliouzoea ni ule wa juu, tunaokanyaga na mifuko. Chini unaendelea. Unashuka kijani, unashuka kijivu, unashuka mpaka mwanga unachoka, wenyewe bado unashuka. Nilijiona kama sisimizi aliyekutana na nyumba. Sikuogopa.

Lakini sikuuona kwa muda mrefu. Nilikuwa na suti ya mpira, juu yake koti la kuazima, lile linalovimba kifuani, na risasi, vipande vizito vya kunizamisha, nimefungwa kiunoni. Kifua kinakwenda juu, kiuno kinakwenda chini, miguu inaning'inia kama ya kuku aliyeshikwa mbawa. Nilipopiga pezi moja la mguuni tope likaamka, maji yakawa chai ya maziwa. Mgongo nao ukaniuma palepale unaponiuma siku zote.

Sasa nimepewa kuchagua mtambo wangu mwenyewe wa mgongoni. Unachagua mara moja, na ndio wako. Nikueleze, maana wewe ni fundi cherehani utanielewa. Kuna bamba, kipande cha madini cha urefu wa mgongo, kimepindwa katikati kifuate uti. Nyuma yake kuna bawa. Usicheke, ndivyo wanavyoliita. Ni mfuko wa turubai wenye tyubu ndani, umekaa kati ya bamba na mtungi. Ukitia hewa unapanda, ukiitoa unashuka. Halafu kuna mkanda mmoja tu, mrefu, kama wa kufungia mizigo ya lori, unaopita kwenye matundu ya bamba, mabegani, kwapani, kiunoni, bila kukatika. Hauna saizi. Unakatwa kwa mwili wa mwenyewe.

Kiboko alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake, kwa hiyo mwenye stoo ndiye aliyenifungulia. Mabamba yalikuwa mawili: la aluminiamu, jepesi kama sinia, na la chuma, zito kama kifuniko cha mtaro. Mwenye stoo akasema nichague haraka, chai yake inapoa. Sasa dada, kwa mgongo huu nichague chuma? Nikabeba sinia. Mabawa yalikuwa mengi, nikachukua kubwa kuliko yote, lile la mitungi miwili, pana kupita mabega yangu. Unajua sheria yetu makuli. Buti, koti, glovu, ukipewa nafasi chukua kubwa, maana kubwa inapunguzwa na ndogo haiongezeki. Nusu Mfuko, mwenzangu wa kitanda cha juu, alilipigia makofi.

Nisaidie hapo kwenye mkanda. Nitaukataje usinibane wala usinivuke?

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda


Kibandani, 29 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Barua yako imefika na vumbi la saruji ndani yake, nimeikung'uta kwanza juu ya ndoo. Tu wazima. Wale wawili bado wanapigana. Shemeji yako aliisoma kwa sauti, na alipofika kwenye bawa akanyoosha mikono akazunguka kibanda kizima mpaka mteja aliyekuja kuchukua gauni akaomba arudi kesho. Watoto wamecheka. Mimi sikucheka.

Nilikutuma ukabebe mifuko, sikukutuma ukawe samaki. Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Lakini wewe hujayavulia, umeyavalia. Bado unaweza kugeuka. Mwambie huyo msimamizi akupe kufagia, kupika, kuhesabu misumari. Mgongo ukikataa kabisa, rudi. Hapa kuna vifungo vya kushona na kuna sakafu ya kulala.

Najua hutanisikia. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nikikwambia usiguse pasi, nawe unaigusa huku unanitazama. Basi sikiliza ya ufundi.

Mkanda usiupime ukiwa na fulana. Vaa kwanza hiyo suti ya mpira, kama mtu anayepimwa koti juu ya sweta. Mtu akipimwa mwembamba akaja kuvaa mnene, lawama ni ya fundi. Ukishauvaa, inua mikono kama unayeanika nguo kwenye kamba ya juu. Bega likibanwa, legeza. Ngumi yako ipite kati ya mkanda na kifua, ipite kwa shida kidogo. Ikipita kwa raha umelegeza mno, na bamba litakuchezea mgongoni kama mtoto aliyebebwa na dada yake mvivu. Usikate siku hiyohiyo. Kitambaa kilichokatwa hakina msamaha. Ncha uipitishe kwenye moto isichanike, halafu uishone kwa uzi huu ninaokutumia. Ni mnene, nimeupaka nta mwenyewe.

Na hilo bawa. Sijui maji, najua nguo. Nguo pana hujikunja mahali ambapo mwenyewe haoni. Mweleze huyo Kiboko akirudi.

Maji yaliyosimama nyuma ya ukuta siyapendi. Nina sababu yangu, nitakwambia siku ukiwa umekaa mbele yangu.

Dada yako,
fundi wa hapa kituoni


Kambini, 17 Aprili

Dada,

Barua na uzi vimefika. Asante. Mimi ni mzima. Nimepata mafua kidogo, nimepumzishwa, ndiyo maana mwandiko unalala.

Mkanda nilishaukata kabla barua yako haijafika, na ulikaa vizuri. Ila nitabadilisha bamba na bawa. Bawa nitachukua lile dogo, jembamba, linaloenea nyuma ya mtungi mmoja bila kuuvuka. Bamba nitachukua la chuma. Sasa nataka kujua kama mkanda niliokwisha kuukata utafaa kwenye bamba jingine, au nianze upya.

Hakuna habari nyingine. Nusu Mfuko anakusalimu ingawa hakujui. Wape watoto salamu.

Mdogo wako,
Kitinda


Kibandani, 6 Mei

Kitinda,

Unamdanganya fundi cherehani.

Miaka yote niliyokaa kwenye cherehani hii, sijaona mtu aliyenunua nguo kubwa kwa furaha, kisha baada ya wiki chache akataka ndogo, asiwe amejikwaa ndani yake. Mwanamke mmoja aliniletea gauni refu nilipunguze. Nikamuuliza lini alianguka. Akashangaa nimejuaje, goti bado lina kidonda.

Machi bawa lilikuwa kubwa unapigiwa makofi. Aprili ni dogo. Machi chuma kilikuwa kifuniko cha mtaro. Aprili unakitaka. Na mafua hayalazi mwandiko. Mwandiko unalazwa na mtu aliyelazwa.

Nimempa shemeji yako barua yako akaisoma, naye mara hii hakuruka. Alisema, "Huyu kijana ameona kitu." Halafu akaikunja barua akanirudishia kwa mikono miwili.

Jibu la mkanda: matundu yakilingana na ya kwanza, utafaa. Yakipishana hata upana wa kidole, anza upya.

Nikisema niliyonayo moyoni karatasi haitatosha. Mama alinikabidhi wewe ukiwa hujaota meno. Sikukupokea ili nikapoteze mwingine majini. Andika ukweli, uandike wote, la sivyo nitapanda hilo lori la saruji nije nikutoe huko kwa sikio.

Dada yako


Kambini, 30 Mei

Dada yangu,

Umenikamata. Soma hii ukiwa umekaa.

Kiboko aliporudi kutoka msibani aliniuliza kama nimepima mtambo wangu. Nikasema ndiyo, maana mkanda nilikuwa nimeupima. Kumbe alikuwa anauliza yote. Tukashuka kwenda kukagua wavu wa mlango wa maji. Kwa sababu bamba lilikuwa jepesi na suti ya mpira inaelea, ilibidi nijaze risasi nyingi kiunoni, miguu ikazama. Ili isizame nikatia hewa kwenye bawa. Bawa lile ni la mitungi miwili na mimi nina mmoja. Likakosa pa kujaa, likaukunjia mtungi kutoka pande zote, kama chapati inavyokunja nyama. Hewa ikajificha ndani ya mikunjo. Ulisema, dada. Uliandika kabisa, na barua yako ilikuwa bado iko kwenye lori.

Nikaanza kupanda. Hewa ukipanda nayo huvimba, ikivimba hukupandisha zaidi. Nikavuta kamba ya kuitoa, ikatoka kidogo, nyingine ikabaki mafichoni. Kiboko aliukosa mguu wangu kidogo tu. Nikaona ukuta unashuka mbele ya macho yangu kwa kasi, kama mimi nimesimama na wenyewe ndio unaoanguka. Nilikumbuka amri yake moja, kwamba kwa lolote litakalotokea nisiibane pumzi, maana kifua kitapasuka kama mpira. Basi nikalia. Nililia "aaa" kutoka huko chini mpaka juani, na nilipotokea bado nalia, wavuta kamba kwenye gati wakadhani ni ng'ombe.

Damu ilitoka puani na kifua kiliuma. Daktari wa kambi akaniweka kitandani na kunikataza maji wiki kadhaa. Sikukwambia kwa sababu najua usingizi wako ulivyo mwepesi.

Kiboko alikuja akakaa kitandani kwangu, kitanda kikalia. Hakunigombeza. Aliniuliza niliwaza nini siku ile kwa mwenye stoo. Nikamweleza mgongo, na sheria ya kubwa. Akacheka mpaka akajifuta macho, akasema, "Umechagua kama kuli. Chepesi cha kubeba, kikubwa cha kupewa. Majini geuza." Nikamwambia mimi ni kuli, ningechaguaje? Akasema hata yeye alikuwa kuli, na bawa lake la kwanza lingetosha kufunika mkokoteni.

Nilipopona akanipeleka stoo mwenyewe. Mwenye stoo aliacha chai. Kiboko akaniwekea bamba la chuma mgongoni, akanieleza kwa mkono, hapa na hapa. Suti nene inaelea, kwa hiyo lazima uzito uwepo. Swali ni ukae wapi. Risasi kiunoni zinauning'iniza mgongo wako palepale ulipoumia. Chuma kikilala kando ya uti, nyuma ya mapafu, kule kuelea kwa kifua kunatulizwa na mwili unalala sawa kama ubao. Risasi nyingi nikazivua, zikabaki chache sana. Na bawa, akasema, halina kazi ya kumbeba mtu. Maji yanakubeba bure. Bawa linabeba ile tofauti tu, hewa inayopungua mtungini na suti inayosinyaa ukishuka. Tofauti yenyewe ni ndogo, na bawa liwe dogo.

Matundu yalipishana, dada. Nikakata mkanda mpya, mara hii kama ulivyosema.

Tulijipima chini ya gati, pasipo na kina, mtungi ukiwa unakaribia kwisha na bawa likiwa tupu. Nilikunja mikono nikatulia. Sikushuka. Sikupanda. Nilivuta pumzi nikainuka kidogo, kama mtu anayeinuka kwenye godoro. Nikaitoa nikashuka kidogo. Nikavuta tena. Dada, ilikuwa pumzi yangu tu inayonipandisha na kunishusha, hakuna mwingine. Na mgongo haukuuma. Nilingoja uume, nikauambia kimoyomoyo kwamba sasa ndio wakati wako, ukanyamaza. Chuma kile nilichokikimbia kilikuwa kimeulalia kama mkono wa mama juu ya mtoto mwenye homa. Miwani ikajaa maji. Si ya bwawa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu leo ni hili.

Jana Kiboko alisema atanionyesha kitu, ila nikichafua maji sitakiona, na wengi amewapeleka wakarudi na tope. Tukashuka kando ya ukuta hadi mahali unapotoa kijukwaa chembamba, na tope laini limelala juu yake kama unga. Akanionyesha kwa taa, yeye akarudi nyuma. Nikasogea bila kupiga mapezi, kwa kuzungusha vifundo vya miguu tu. Tope halikuamka. Nikaning'inia.

Pale kwenye kona ya chini, ndani ya zege, kuna kiganja cha mtu. Amekibonyeza likiwa bichi, kabla maji hayajaja. Vidole vyote vitano, mistari ya kiganja, hata kovu au mkunjo kwenye dole gumba. Kimekaa humo gizani umri wangu wote, maana jiwe la kumbukumbu juu ya ukuta linaonyesha bwawa hili na mimi tumezaliwa karibu pamoja. Hakuna jina. Wakubwa waliandikwa juu, kwenye jiwe, pamoja na cheo. Huyu aliandika mkono wake mahali ambapo hata samaki wanapita tu.

Nilivua glovu nikaweka mkono wangu juu yake. Nimebeba saruji miaka, sikuwahi kuwaza kwamba inakumbuka.

Kiboko hajui ni wa nani. Hakuna anayejua. Nilidhani nawe ungependa kusikia.

Mdogo wako mzima, kweli mara hii,
Kitinda


Kibandani, 21 Juni

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako kibandani, nikafunga kibanda mchana. Shemeji yako alifikiri nimefiwa.

Nilisema nitakwambia siku ukiwa mbele yangu. Siwezi kungoja. Ulikuzwa ukiambiwa baba alikwenda kutafuta. Ni kweli, lakini sikukwambia alikwenda kutafuta nini. Baba alikuwa mwashi. Alikwenda kujenga ukuta wa maji, mbali, hakutaja wapi au mama hakukumbuka. Wewe ulikuwa tumboni. Alituletea ujumbe mara moja, kwa mdomo wa msafiri, kwamba ukuta unakaribia kwisha naye anarudi. Halafu basi. Mama alikataza maji yasitajwe humu ndani, hata kisima tulikiita "kule".

Sasa ngoja. Baba kila alipomaliza kazi alikuwa na tabia moja. Alibonyeza kiganja chake cha kushoto kwenye kona ya chini, mahali pasipoonekana. Tajiri mmoja alimfumania, akataka kukikwangua. Baba akamwambia, "Mzee, hiyo ni ya mchwa, wewe angalia huko juu." Nilikuwepo, nimeshika ndoo ya maji. Nilicheka mpaka nikaimwaga.

Na hapa nyumbani alikuwa nacho, kwenye kizingiti cha jiko, ndani upande wa kushoto. Nikiwa mtoto nilikuwa nikiweka wangu ndani yake, unapotea kama kijiko ndani ya sufuria. Mama alipofariki, wewe bado hujatambaa, nilikipaka plasta. Nilikuwa na hasira naye. Kila nikiinama kuchukua kuni nilikuwa naona mkono unaonipungia.

Jana nimechukua patasi ya shemeji yako. Alitaka kunisaidia, nikamwambia akae. Plasta ilikuwa yangu, na plasta ya fundi cherehani haina nguvu, ilitoka vipandevipande. Kiganja kipo, mdogo wangu. Nimekivunja kidogo upande wa dole gumba kwa pupa yangu, lakini kipo.

Sitaki uniambie chako kinafanana na nini. Usikiangalie ukakisifia. Macho yana huruma, yanaona yanachotaka. Kipime. Uzi uliobaki unao. Kutoka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho, na kutoka kifundo mpaka ncha ya kidole kirefu. Funga mafundo. Mimi hapa sitapima mpaka uje, nisije nikavuta uzi.

Na kama sicho, bado ni mkono wa mtu, na yuko dada mahali fulani aliyeupaka plasta.

Huyo Kiboko, mwambie nimesema asante. Ule mguu wako mara nyingine asiukose.

Dada yako


Kambini, 18 Julai

Dada,

Nilimweleza Kiboko. Alikwenda kutafuta betri mpya za taa.

Tumeshuka leo. Kupima kunataka mikono miwili, mmoja wa kushika mwanzo na mwingine wa kuvuta, kwa hiyo sikuwa na mkono wa kujishikia ukutani. Kiboko alikaa kando na taa, na alikuwa ameniambia hatanigusa, maana akinigusa tutayumba wote na tope litaamka. Basi nilikuwa mimi, bamba, bawa dogo na pumzi. Nilitoa pumzi kidogo, nikashuka mpaka kiganja kikawa usawa wa macho yangu, nikaishika pumzi hapo katikati ya kuvuta na kutoa, bila kuibana, kama unavyoshika sindano unapotunga uzi. Nikasimama mahali ambapo hapana pa kusimama.

Sikuwahi kuwaza kama mwili huu, ambao watu wameutumia kama mkokoteni, unaweza kutulia namna ile. Nilifunga fundo la kwanza, la pili. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi na uzi unateleza kwa nta, nikafunga tena. Kisha nikapima urefu, nikafunga. Maji yalikuwa meupe mwanzo hadi mwisho. Niligeuka polepole nikamwona Kiboko analia ndani ya miwani, na huyo hakuna aliyemfia safari hii.

Ni kiganja cha kushoto. Hilo nakwambia, maana hilo halina haja ya uzi. Mengine siyasemi. Sijaweka mkono wangu tena juu yake, na uzi sijaupimisha kwenye mkono wa mtu yeyote. Nimeuzungusha kwenye kijiti, nimeufunga ndani ya ile karatasi uliyoniandikia, na Nusu Mfuko ameapa hatakigusa hata akikosa uzi wa kufungia viatu.

Kizingiti usikifunike. Kuni zihamishie upande mwingine. Wale wawili wakipigana wapiganie nje.

Nishonee shati, dada. La kunitosha, si la kukulia. Nimeacha kuongezeka. Pima mabega ya shemeji, punguza kidogo, mikono acha mirefu.

Mvua zikianza milango ya bwawa hufunguliwa na wapiga mbizi hatushuki. Msimamizi ameniandikia likizo, na Kiboko ameniwekea mtambo wangu stoo, mkanda wake umeandikwa "asiguse mtu", kwa sababu nikirudi kazini ndio nitakaoshuka nao. Naondoka hapa na lori la saruji likirudi tupu, mwishoni mwa Septemba. Nitegemee wiki ya kwanza ya Oktoba, na nitapitia mlango wa jikoni.

Mdogo wako,
Kitinda